Harusi ya fedha kidogo Bububu: tuanze na watu, kisha ukumbi



Wachumba wengi wanaofika ofisi ya parokia hapa Unguja huja na furaha, lakini wapo wanaoondoka bila kuandikisha tarehe kwa sababu moja tu: "Padre, ukumbi bado hatujapata." Ukiwauliza zaidi, unagundua kwamba kumbi zipo. Kisichopo ni fedha za kulipia ukumbi wanaoutaka. Basi wanasubiri. Mwaka mmoja unakuwa miwili, miwili inakuwa mitano. Baadhi yao wanaanza kuishi pamoja, watoto wanazaliwa, na kila Dominika wazazi hao wanabaki kwenye benchi wakati wenzao wanakwenda kupokea Komunyo.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliliona tatizo hili. Katika Wosia wa Kitume Amoris Laetitia, yaani Furaha ya Upendo, wa mwaka 2016, aya ya 294, anakiri kwamba katika baadhi ya nchi watu huishi pamoja bila ndoa kwa sababu sherehe inaonekana kuwa ghali mno, na kwamba umaskini ndio unaowafikisha hapo. Katika aya ya 212 anasikitika kwamba maandalizi ya sherehe humaliza fedha na nguvu za wachumba, hata wanafika siku yenyewe wamechoka, na anawatia moyo wathubutu kufanya tofauti na wengine.

Makala hii inaeleza jinsi ya kutafuta mahali pa sherehe Bububu na maeneo ya jirani ukiwa na fedha kidogo. Bei za kumbi hubadilika kila msimu, kwa hiyo tutajifunza namna ya kuzipima.

Kwanza altare, kisha ukumbi

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 ni nyepesi kuliko kamati zetu za harusi. Kanuni ya 1108 inadai wachumba wenyewe, Askofu au paroko au padre au shemasi aliyepewa mamlaka nao, pamoja na mashahidi wawili. Ukumbi haumo. Kanuni ya 848 inaagiza pia kwamba wahitaji wasikose Sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Kama sadaka ya kanisani ndiyo inayowazuia, mwambieni paroko waziwazi. Hilo si jambo la kuonea aibu.

Mahali pa kufungia ndoa pameelezwa katika kanuni za 1115 na 1118. Ndoa ya Wakatoliki hufungwa katika parokia ambako mmoja wao ana makao, au ambako amekaa mwezi mmoja. Kwa ruhusa ya Askofu mahalia au paroko yaweza kufungwa parokia nyingine, na pia katika kanisa au kikanisa kingine. Mahali pengine panapofaa pahitaji ruhusa ya Askofu mahalia. Kwa hiyo mchumba anayeona watalii wakiapishwa ufukweni asiweke arbuni hotelini akidhani padre atamfuata huko. Misa iwe kanisani; ufukwe ubaki wa picha.

Hapa Zanzibar wapo pia Wakatoliki wanaotaka kufunga ndoa na wasiobatizwa. Ndoa ya namna hiyo huhitaji kwanza Askofu aondoe kizuizi kilichotajwa katika kanuni ya 1086, na yaweza kufungwa kanisani au mahali pengine panapofaa. Jambo hilo lina taratibu zake, na linahitaji muda.

Muda ndio sababu ya kuanzia parokiani. Kuna mafundisho ya ndoa, kuna matangazo, kuna nakala mpya ya cheti cha ubatizo. Aliyebatizwa Tabora au Moshi lazima aandike barua huko na kusubiri jibu. Kwa upande wa serikali pia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ni ya Tanzania Bara, haitumiki Zanzibar. Aliyetoka Bara asiende kwa mazoea ya kwao; aulize mapema hati zinazotakiwa hapa. Tarehe ikishathibitishwa na paroko, hapo ndipo mnakwenda kuuliza ukumbi. Anayelipia ukumbi kabla ya hapo anaweza kupoteza fedha zake kwa kukosa cheti kimoja tu.

Bei ya ukumbi ihesabiwe kwa watu

Bwana wetu aliuliza ni nani anayetaka kujenga mnara asiketi kwanza na kuhesabu gharama (Luka 14:28). Wachumba nao waketi, wawili tu, kabla ya kikao cha kwanza cha kamati.

Waanze na fedha zilizopo mkononi. Ahadi za michango zisiingie katika hesabu hii, kwa kuwa kila aliyewahi kushika daftari la michango anajua kwamba zipo ahadi zinazobaki kwenye karatasi. Tuchukue mfano. Wachumba wana shilingi 4,800,000. Pete na nguo ni 900,000, usafiri 400,000, na akiba ya dharura 500,000. Jumla ni 1,800,000, zimebaki 3,000,000. Tuseme chakula na kinywaji cha mtu mmoja ni shilingi 15,000.

Wakichukua ukumbi wa shilingi 1,000,000, wanabakiwa na 2,000,000, zinazotosha watu 133. Wakifanya sherehe kwenye kiwanja cha kigango, wakakodi turubai na viti kwa 400,000, wanabakiwa na 2,600,000, zinazotosha watu 173. Tofauti ni watu 40. Hao 40 ni jumuiya ndogondogo nzima pamoja na watoto wao. Ni wanakwaya walioimba Misa. Ni majirani waliowaazima sufuria.

Hivyo mkiambiwa bei ya ukumbi, msiishie kuuliza kama ni ghali au rahisi. Igaweni kwa gharama ya sahani moja, mjue ukumbi huo unawafungia nje watu wangapi. Kisha tajaneni kwa majina. Mkikubaliana kwamba majina hayo yanaweza kubaki nyumbani, chukueni ukumbi. Mkiona haiwezekani, tafuteni mahali pengine.

Wapo watakaosema, "Tutakopa." Wahenga walikwisha kujibu: kukopa harusi, kulipa matanga. Ndoa inayoanza na deni la ukumbi inaanza na ugomvi, kwa sababu mwezi wa kwanza wa maisha ya pamoja ndio mwezi wa kwanza wa marejesho.

Mahali panapopatikana

Bububu iko yapata kilomita 10 kaskazini mwa Mji Mkongwe. Zamani, tangu mwaka 1905 hadi miaka ya 1920, treni ilikuwa ikitoka mjini kuja huku. Leo tuna daladala za 502. Umbali huo si mkubwa, lakini kwa harusi una gharama. Kama Misa ni Minara Miwili, yaani Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, na chakula ni Bububu, lazima watu wahamishwe, na njia za Mji Mkongwe ni nyembamba, magari mengi hayana pa kuegesha. Kukodi daladala mbili za kupeleka na kurudisha watu ni rahisi kuliko msururu wa magari madogo. Rahisi zaidi ni Misa na meza kuwa mahali pamoja. Kuna nafasi za aina nne.

Ya kwanza ni kiwanja cha kigango au ukumbi wa parokia. Watu wanatoka Misani wanatembea hatua chache hadi mezani. Mtalipa turubai, viti na usafi, na mchango mdogo wa maji na umeme pale unapoombwa. Ulizeni kama kuna ratiba nyingine siku hiyo, hasa mafundisho ya watoto na mazoezi ya kwaya.

Ya pili ni nyumbani, uwani au mbele ya nyumba. Hii ndiyo desturi ya zamani ya Unguja: shughuli hufanyiwa nyumbani, majamvi yanatandikwa, mtaa mzima unashika kazi. Msione haya kuifuata. Mwarifuni sheha mapema, na kama turubai litaziba njia, mwombeni ruhusa. Ulizeni pia nyumba za jirani kama kuna mgonjwa au msiba.

Ya tatu ni ukumbi wa kukodi, ama ukumbi wa sherehe, ama wa shule au wa taasisi. Faida yake ni paa imara, vyoo na viti. Hasara yake ni kwamba bei ya kwanza mnayoambiwa si ya mwisho, kama tutakavyoona.

Ya nne ni bustani ya hoteli. Hoteli nyingi hutaja bei kwa dola, kwa hiyo fanyeni hesabu kwa shilingi na muulize ni kiwango cha siku gani kitakachotumika. Msimu wa wageni wengi, Juni hadi Oktoba na tena Desemba hadi Februari, hoteli haina sababu ya kuwapunguzia. Kama kundi lenu ni la watu 30, msiiogope. Kwa watu 30 hoteli ndogo inaweza kuwa nafuu kuliko ukumbi wa watu 300 ulio wazi nusu.

Picha ni jambo jingine, wala hazihitaji ukumbi wa fahari. Barabara ya Bububu inapita karibu na magofu ya Maruhubi na ya Mtoni, na juu kidogo Kidichi ziko hamamu zilizojengwa mwaka 1850 enzi ya Seyyid Said. Ulizeni kiingilio na ruhusa siku chache kabla. Mkitaka ufukwe wa Bububu, waulizeni wavuvi saa za maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji yakijaa mchanga hubaki mwembamba, na gauni refu litarudi limelowa.

Jirani aweze kuingia

Kwa Sensa ya mwaka 2022 Zanzibar ilikuwa na watu 1,889,773, na walio wengi mno ni Waislamu. Mkatoliki wa Bububu amezungukwa na majirani wa Kiislamu, wafanyakazi wenzake ni Waislamu, na mara nyingi ndugu zake wa ukoo pia. Ndio watakaoleta mchele, ndio watakaokaa naye akiuguliwa. Kwa hiyo kipimo kimoja cha mahali pa sherehe ni hiki: jirani yangu ataweza kuingia na kula kwa amani?

Panapouzwa pombe, wengi hawataingia, hata kama kadi mmewapelekea. Familia inayotaka majirani wote waje, na ichague mahali pasipo na pombe, au iiache kabisa siku hiyo. Bajeti nayo itapumua. Nyama na kuku wachinjwe na Mwislamu, na jambo hilo lisemwe wazi ili mgeni asikae na wasiwasi. Pilau ya kupikwa na mpishi wa mtaa, ikapakuliwa kwenye masinia, watu wanne au watano sinia moja, hugharimu kidogo kuliko sahani za kupangwa, na hakuna mtu wa Unguja atakayeiona ni dharau. Akina mama wengi hupenda wakae upande wao, tengeni nafasi. Spika zizimwe adhana inapoadhiniwa, na kabla ya kulipia ukumbi tazameni msikiti uko umbali gani.

Hayo yote yanatufanya tupendelee sherehe ya mchana. Misa ya Jumamosi saa 4 asubuhi, chakula saa 7, shukrani na zawadi, na kabla ya Magharibi watu wamekwisha kurudi makwao. Hamhitaji taa za mapambo wala jenereta la usiku, na daladala bado zinapita. Ijumaa iepukeni, kwa kuwa mchana wake ni wa sala kwa majirani.

Tarehe inayopunguza gharama

Kalenda ya hapa ina mifungo miwili. Wakati wa Ramadhani hakuna sherehe ya mchana mtaani, na muziki haufai. Wakati wa Kwaresima ndoa yaweza kufungwa, lakini kwa kiasi kinacholingana na kipindi cha toba. Ijumaa Kuu na Jumamosi Kuu ndoa hazifungwi. Mwaka 2026 mifungo hiyo ilikwenda pamoja: Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 18 Februari, na Ramadhani ikaanza siku zizo hizo. Mwaka 2027 Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 Februari, na Ramadhani inatarajiwa wakati huohuo, kutegemea mwandamo wa mwezi. Mwaka 2028 zitaachana: Ramadhani itaanza mwishoni mwa Januari, Kwaresima tarehe 1 Machi. Mwaka huo, kuanzia mwisho wa Januari hadi Pasaka tarehe 16 Aprili, siku za sherehe zitakuwa chache sana.

Baada ya Pasaka huja masika, na mvua kubwa ya Aprili na Mei haitanii turubai. Kumbi na hoteli huwa tayari kupunguza bei miezi hiyo, kwa hiyo mwenye kutaka paa imara kwa fedha kidogo aulize wakati huo. Mwenye kutaka kiwanja cha wazi asubiri Juni na kuendelea. Kumbukeni pia kwamba kuanzia Mfungo Mosi majirani zetu hufunga harusi nyingi. Wapishi, viti na maturubai vyote vinagombewa. Wekeni nafasi mapema.

Maswali kabla ya kutoa arbuni

Nendeni wawili, mchana, na tena usiku mmoja. Ulizeni haya, na majibu yaandikwe:

1. Bei ni ya saa ngapi hadi saa ngapi, na mkizidisha saa moja mnalipa nini?
2. Viti, meza, vitambaa na spika vimo katika bei, au ni vya kulipia pembeni?
3. Mnaruhusiwa kuleta mpishi wenu na vinywaji vyenu? Kuna ada ya kuviingiza?
4. Umeme ukikatika, jenereta lipo? Mafuta ni ya nani? Wenyeji hawajasahau miezi mitatu ya giza ya Desemba 2009 hadi Machi 2010.
5. Maji yanatoka chooni? Fungueni bomba, msikubali maneno.
6. Nani anafanya usafi, na kiti kikivunjika mnalipa kiasi gani?
7. Tarehe ikibadilika kwa msiba au ugonjwa, arbuni inarudi au inahamia tarehe nyingine?

Mpeni fedha mtu mmoja tu anayetambulika, na mdai risiti yenye jina, tarehe na kiasi kilichobaki. Anayesema "tunaaminiana" anaweza naye kuandika.

Ndugu wa Bara

Gharama moja husahaulika: ndugu watakaovuka bahari. Nauli ya boti ya kwenda na kurudi, malazi ya siku mbili, chakula. Hesabu ya mtu mmoja wa Bara yaweza kuwa mara kadhaa ya mgeni wa Bububu. Ongeeni mapema na wazee wa pande zote mbili. Ama waje wajumbe wachache, na familia ikafanye shukrani nyumbani kwao Bara maharusi watakapokwenda kusalimia. Ama ndoa ifungwe parokia ya bibi harusi huko Bara, kama kanuni ya 1115 inavyoruhusu, na Bububu pafanyike chai ya jumuiya baada ya Misa ya Dominika. Baba na mama wataelewa wakielezwa kwa heshima na wakionyeshwa hesabu. Wanachoshindwa kuvumilia ni kuarifiwa kwa kadi.

Kwa mnaoishi pamoja tayari

Kwenu ninyi mlio na watoto na miaka kumi ya kusubiri ukumbi, neno ni fupi: sherehe inaweza kungoja, Sakramenti isingoje. Parokia nyingi za Tanzania hufungisha ndoa kadhaa kwa pamoja, wakati wa ziara ya Askofu, wakati wa jubilei au katika Misa ya Dominika. Familia tano zikichanga turubai moja, sufuria moja na kwaya moja, mzigo wa kila familia unakuwa mwepesi, na hakuna anayeonekana maskini kuliko mwenzake. Ikiwa hata hilo ni zito, ombeni Misa ya kawaida ya asubuhi na mashahidi wawili. Mkitoka hapo ni mume na mke kamili mbele ya Mungu na Kanisa, sawa kabisa na waliofanya karamu ya watu 500.

Injili ya harusi ya Kana haitutajii ukumbi, wala majina ya maharusi. Inatuambia waliokuwapo: mama yake Yesu, Yesu mwenyewe na wanafunzi wake. Divai iliwaishia, maana yake hesabu ya wenyeji wale haikutosha, na Bwana hakuwaaibisha mbele ya wageni wao.

Wiki hii, basi, fanyeni mambo mawili. Jioni moja andikeni majina ya watu ambao bila wao siku hiyo haitakuwa harusi yenu. Kisha Dominika baada ya Misa mwoneni katekista wa kigango chenu, mwulizeni tarehe zilizo wazi na hati zinazotakiwa. Mkishakuwa na majina na tarehe, nendeni mkatafute mahali.